Shati na Kitenge, Fundo Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua kubwa imeanza leo tukiwa bado tunapakia saruji, na leo hiihii mke wangu ameanza kazi kwenye boti. Boti ni ya kaka yake, yaani shemeji yangu, na mimi ni fundi wa injini humo tangu ikiwa na rangi yake ya kwanza. Mtoto wetu wa mwisho ameingia shule na anakaa kwa bibi yake pamoja na wenzake. Nyumba imekuwa kimya, na shemeji alikuwa anatafuta mtu wa kupika na kusimamia mizigo. Mke wangu akasema kwa nini atafutwe mtu na yeye yupo. Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi, ili baadaye nisijidanganye.

Tuko wanne. Mimi wananiita Spana. Redio ndiye baharia wetu, mtu mwenye wajukuu, na tangu nimfahamu hanyamazi ila akiwa anatafuna. Nahodha ni mpya. Alifiwa na mke miaka ya nyuma, anaongea taratibu, na ana pasi ya mkaa chini ya kitanda. Leo ameinyoosha kola yake kabla ya kuja kusimama kwenye vumbi la saruji. Redio amempa jina kabla hatujang'oa nanga: Pasi.

Alhamisi, 7 Machi

Safari njema. Injini inavuta vizuri. Mke wangu anapika kana kwamba jikoni haliyumbi.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba cha injini kiko chini kabisa, na kibanda cha usukani kiko juu ya kichwa changu. Injini ikiwaka sisikii neno la mtu. Mawasiliano yetu ni kengele tu. Nahodha anavuta kamba juu, inalia huku chini: moja nenda, mbili punguza, tatu rudi nyuma. Maneno hayapiti kwenye mbao. Lakini leo nimegundua kwamba kicheko kinapita.

Wakati wa kula mke wangu amesema wazi, mbele yetu sote, kwamba amemwomba Pasi amfundishe usukani. Baba yao alikuwa nahodha, akamfundisha kaka yake, yeye akaambiwa akamsaidie mama. Nikasema vizuri, jifunze. Pasi akasema ana mkono mzuri, hashindani na maji.

Mkono mzuri. Nimekaa na huo mkono miaka yote hii na sijawahi kuusikia ukielezwa hivyo.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu kacheka tena.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemuuliza kinachochekesha huko juu ni nini. Nimeuliza vizuri tu, huku nikijipaka sabuni mikononi, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Akanisimulia bila kuficha. Pasi alipokuwa mgeni kazini alipandisha boti mchangani mkaguzi wa vyombo akiwa ndani, na mkaguzi alikuwa usingizini, kwa hiyo Pasi akamwachia alale hadi maji yalipojaa. Alipoamka akamsifu kwa safari isiyo na misukosuko.

Mke wangu alicheka upya akiwa anasimulia. Mimi nikamwambia hata mimi ninacho kisa kama hicho, cha yule fundi aliyejifungia ndani ya tangi la dizeli.

"Hicho ulishanisimulia," akasema.

Kweli nilishamsimulia. Lakini zamani alikuwa anakisikiliza tena.

Jioni nimemtazama Pasi vizuri, kama ninavyotazama kipuri cha dukani. Si mrefu kunizidi. Nywele zinamkimbia mbele. Ana meno mazuri, hilo siwezi kumnyima. Kucha zake ni safi, na zangu hata nizisugue namna gani zina mstari mweusi. Mtu wa juu anapigwa na upepo, wa chini anapigwa na moshi, kisha tunakaa meza moja na mwanamke mmoja anatupakulia sote wawili.

Jumatatu, 18 Machi

Injini imekufa, na imekufa mahali pabaya.

Tulikuwa upande wa mbali wa ziwa, pwani ambako sote hatuna ndugu wala rafiki. Mvua hizi zimeng'oa magugu maji mitoni na kuyasukuma ziwani, mengine makubwa kama uwanja wa mpira. Pasi alikuwa anayakwepa vizuri, nakiri. Lakini mengine yanapita chini ya maji, na hayo ndiyo yaliyoziba tundu linalovuta maji ya kupoza injini. Pampu ikazunguka kavu. Niliposikia mlio umebadilika nilikuwa nje ya chumba, juu, nimeenda kunywa maji.

Hapana. Nilikuwa nimeenda kuona wanacheka nini.

Niliporudi chini chumba kilinuka mpira ulioungua. Nikaizima mwenyewe bila kungoja kengele. Tukakaa tunaelea na mvua ikitupiga. Wavuvi wenye mitumbwi wakatuvuta hadi kwenye ghuba ndogo yenye gati la magogo, nyumba ya wageni, maduka machache na barabara ya udongo. Simu hazishiki hapa hata ukipanda juu ya dari.

Jumanne, 19 Machi

Nimeifungua pampu. Panga lake la mpira, linalosukuma maji, limekatikakatika kama karatasi, na shafti imevunjika. Panga ningeweza kulichonga kutoka kwenye tairi kuukuu, nimeshafanya hivyo mara kadhaa. Shafti siwezi. Hapa hakuna umeme wa kuchomelea hata baiskeli. Injini yenyewe ni nzima, nashukuru, nimeizungusha kwa mkono na haikwami. Ni kama mtu mwenye moyo mzuri aliyekosa maji ya kunywa.

Jumatano, 20 Machi

Imeamuliwa kwamba watu wawili waende mjini, safari ya lori siku nzima. Mke wangu aende kwa sababu ndiye atakayempigia kaka yake, na ndiye anayejulikana na wenye saruji. Pasi aende kwa sababu anamjua muuza vipuri mmoja huko. Mimi nibaki kwa sababu nisipokuwepo mimi nani ataikausha injini? Redio abaki atoe maji yanayoingia kwenye boti.

Kila sababu ni ya kweli. Nimezipima moja moja nikitafuta yenye ufa, sikuipata. Nilimwandikia Pasi vipimo vya pampu. Mke wangu akaniambia nile, chakula cha kesho ameshakifunika. Walipanda lori mbele, na dereva, watatu kwenye kiti cha wawili.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Walisema watarudi leo jioni. Hawajarudi.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Hawajarudi. Redio amesema barabara lazima imekatika, halafu akaongeza, kwa wema wake wote, kwamba angalau mama yuko na mtu mstaarabu. Nimemwambia aende akatoe maji botini.

Nimeisafisha injini mpaka hakuna pa kusafisha. Nimepanga spana zangu kwa ukubwa. Kila nikifumba macho naona kola ile.

Jumamosi, 23 Machi

Wamerudi mchana, kwa miguu. Niliwaona kwa mbali kutoka kwenye gati: watu wawili wenye rangi ya tope, wamebeba mzigo katikati yao kwenye gongo la mti, mmoja mbele mmoja nyuma, wanakanyaga kwa pamoja. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, kwamba hatua zao zililingana.

Watu wa pale gatini walikuwepo, wavuvi na mama wa nyumba ya wageni na wapakiaji. Mke wangu akaweka mzigo chini, akanyoosha mgongo, akaniangalia. Uso wake ulikuwa unataka kuniambia kitu. Sikumpa nafasi.

"Nauliza tu," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Huko mjini chumba kilikuwa kimoja au viwili?"

Yule mama wa nyumba ya wageni aliacha kufagia. Pasi alitazama chini, si kama mwenye hatia, bali kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake hajavaa.

"Viwili," mke wangu akasema. Hakupandisha sauti. "Na ungeniuliza habari ya barabara, ningekuambia daraja limesombwa, na kwamba tumeibeba hii pampu tangu jana asubuhi. Ungeniuliza kama nimekula, ningekuambia pia."

Akanipita akaingia kwenye boti. Pasi akamfuata, akarudi, akauinua mzigo peke yake, akauweka mlangoni mwa chumba cha injini, akaondoka. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa nguo. Redio, baada ya kumuuliza Pasi, akaniambia pampu ilitoka kwenye trekta bovu, ndiyo iliyopatikana. Nikasema pampu ya trekta inazunguka kinyume na injini yetu na matundu ya bolti hayatakutana. Nilisema hivyo bila kuifungua. Ilikuwa kweli, lakini sikuifungua kwa sababu wameileta wao.

Jumapili, 24 Machi

Amenipakulia chakula na kukiweka ngazini, kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Hakunisemesha. Analala kwenye nyumba ya wageni na mama mwenye nyumba.

Juu hakuna anayecheka. Nilidhani nitapumzika.

Jumatatu, 25 Machi

Upepo umegeuka na unasukuma magugu ndani ya ghuba. Asubuhi kulikuwa na njia pana ya maji, jioni imebaki kama barabara. Wavuvi wanasema ikiziba hufunga mwezi, hata miwili, na mvua hizi zitaingia kwenye saruji kabla ya hapo. Saruji ikishika maji ndani ya boti ni mawe. Shemeji atakosa saruji na atakosa boti.

Wazo limenijia bafuni. Nyumba ya wageni ina bafu la mabati, na juu yake kuna pipa la maji ya mvua lenye bomba. Nimesimama chini ya bomba lile, maji yananimwagikia kichwani bila pampu yoyote, nikajiona mjinga. Injini haijali maji yanafikaje, inataka tu yapite. Tukiweka pipa juu ya dari ya boti, maji yatashuka yenyewe kwa mpira, yataingia kwenye injini, yatatoka kwa moto upande wa pili na kurudi ziwani. Kinachotakiwa ni watu wa kuvuta maji kwa ndoo na kulijaza pipa, bila kukoma, kwa safari nzima.

Mama wa nyumba ya wageni amekubali kutupa pipa. Mpira wa maji ninao. Nilichokosa ni kiungo. Mpira ni mwembamba, mdomo wa injini ni mpana. Nimejaribu bomba la mguu wa kitanda, limekataa. Nimejaribu kopo la maziwa, limepasuka. Mwisho kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho sijakigusa, pale mlangoni.

Nimeuchukua ule mzigo. Nguo ilikuwa shati jeupe la Pasi na kitenge cha mke wangu. Vimeunganishwa, mikono ya shati na ncha za kitenge, fundo moja, vimekazwa kwa nguvu ili mvua isiingie kwenye chuma. Nilikaa nalo lile fundo mapajani muda mrefu. Kucha zangu hazikuweza kulifungua na sikutaka kulikata. Nilifikiria mkono wa nani ulivuta upande upi. Nilimfikiria mtu anayepiga pasi siku ya saruji, akivua shati lake mvuani na kulifunga kwenye pampu yenye grisi, kwa ajili ya injini yangu. Hilo lilitaka kunilainisha. Kisha nikakumbuka kwamba alikuwa mbele ya mke wangu bila shati, nikakaza tena.

Nilipolifungua hatimaye kwa ncha ya msumari, shingo ya pampu ile iliingia kwenye mdomo wa injini kama imezaliwa hapo. Pampu yenyewe haifai, nilikuwa sahihi. Lakini shingo yake ndiyo niliyokuwa naitafuta siku nzima, na ilikuwa mlangoni pangu tangu juzi.

Jumanne, 26 Machi

Tumefunga pipa juu ya dari kwa kamba na mbao. Shingo nimeiunga na mpira kwa tyubu ya baiskeli niliyoikata vipande virefu, nikaizungushia mara nyingi na kuikaza kwa waya. Inavuja kidogo, kama pua ya mtoto, lakini inashika. Chini nimeweka koki ili nipunguze au niongeze maji kwa mkono. Tumeiwasha gatini. Nilishika bomba la kutokea na kiganja changu, likawa vuguvugu, likabaki vuguvugu.

Nimepanga kazi na wote wamekubali: Pasi kwenye usukani, Redio na mke wangu kwenye ndoo, mimi chini. Nilipomtaja mke wangu nilimwita "mama watoto" mbele yao, kwa upole. Akaitikia, "Sawa, fundi."

Jumatano, 27 Machi

Tumefika. Nataka kuandika kabla mambo hayajapoa.

Tuliondoka asubuhi magugu yakiwa yamebakisha upenyo usiozidi upana wa boti mara mbili. Tulikuwa tunaelekea ng'ambo, kwenye bandari yenye karakana, si nyumbani lakini ni mahali ambapo simu inashika. Tulipotoka ghubani niliona kwa kitundu changu cha ukutani maji ya kijani yamekuwa ya kijivu, na nikajua tumepata nafasi.

Chini palikuwa pa moto. Mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye koki. Nikiona bomba linataka kuwa la moto nafungua, likipoa nabana, ili pipa lisiishe. Mwanzoni mambo yalikwenda. Kisha upepo ukaingia na boti ikaanza kupiga kichwa, na maji yakaanza kunikwepa. Bomba likawa moto, moto, hata kiganja changu kikakataa. Nikafungua koki yote. Kulikuja ulimi wa maji, ukakatika. Pipa lilikuwa tupu. Nikachukua spana kubwa nikagonga dari kwa nguvu zangu zote. Nilijua kilichotokea: wakati boti inayumba vile, mwanamke na mtu mwenye wajukuu hawawezi kuinua ndoo hadi juu ya dari kwa kasi hiyo. Ningezima injini tungegeukia ubavu wa mawimbi na mzigo ule. Nisingeizima ingekwama, na huo ungekuwa mwisho wake.

Nikashika kizimio cha injini. Nilikuwa nimeshaanza kukivuta.

Maji yakaja. Hayakuja kwa kudondoka, yalikuja kwa wingi, yakaendelea kuja, na hayakukatika tena safari nzima. Bomba likarudi vuguvugu. Nikamshukuru Redio kwa sauti, peke yangu, huku nikikohoa.

Halafu tulikaribia mawe. Bandari ile ina mlango mwembamba, miamba kulia na kushoto, na siku ya upepo meli za watu wazoefu husubiri nje. Sisi hatukuweza kusubiri, watu wa ndoo walikuwa wamekwisha. Nikasikia kengele mbili. Nikapunguza. Kimya. Kengele moja. Nikaongeza. Mbili. Halafu tatu, kwa haraka, nikarudisha nyuma, nikahisi mkia wa boti unageuka taratibu na kitu kikubwa kinapita karibu ubavuni, kivuli kikafunika kitundu changu. Moja tena. Kila kengele ilikuja pale ambapo mwili wangu ulikuwa unaanza kuiomba. Miaka mingi nimetumikia kengele za manahodha na hakuna aliyewahi kuielewa injini yangu hivyo, kwamba ikirudishwa nyuma inahitaji kupumua kabla ya kwenda mbele. Huyu aliipa pumzi. Nilimchukia Pasi kuliko siku zote kwa sababu alikuwa anaweza. Nilijiambia, kama mimi ningekuwa mwanamke huko juu, hata mimi ningemtazama.

Tukagusa gati. Nikazima, nikapanda ngazi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Vidole vyake vilikuwa bado vimeushika, hajaviambia viachie. Pasi alikuwa juu ya dari, amekaa kando ya pipa, kifua wazi, ndoo imemlalia magotini, viganja vyake vimechubuka vina damu. Redio alikuwa amelala chali kwenye sitaha, mdomo wazi, bila sauti. Ndiye aliyenieleza baadaye. Nilipogonga dari, Pasi alimtazama mke wangu, akamkabidhi usukani, akanyakua ndoo. Hawakubadilishana neno. Tulipofika kwenye mawe Redio alimlilia Pasi arudi kwenye usukani. Pasi akamwambia, "Yupo nahodha pale," akaendelea kuvuta maji.

Mke wangu akaniangalia na kuuliza, "Injini vipi?"

"Inapumua," nikasema.

Nilitaka kusema mengine. Lakini kilichonishika wakati ule, nitakiandika kama kilivyo, haikuwa furaha. Ulikuwa wivu mwingine, mkubwa kuliko ule wa vicheko. Kulikuwa na mtu aliyemwamini mke wangu kwenye upepo na mawe, akampa mgongo akaenda kuchota maji. Na mtu huyo hakuwa mimi.

Alhamisi, 28 Machi

Shafti inachongwa karakana. Nimelifua shati la Pasi kwa mafuta ya taa na sabuni mara tatu. Doa la grisi halitoki kifuani. Nimempelekea hivyohivyo nikamwomba radhi kwa yale ya gatini. Alilipokea kwa ncha za vidole, viganja vyake vimefungwa bandeji.

"Mimi nilikuwa na mke, Spana," akasema. "Nilikuwa namwonea wivu hata daktari aliyemtibu. Usiniombe mimi msamaha, mimi si wa kuombwa."

Nikaenda kwa wa kuombwa. Alikuwa anakagua saruji, anapapasa mifuko kuona iliyolowa. Nilisema yote niliyokuwa nimepanga na mengine ambayo sikuyapanga. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," akasema, akaendelea na mifuko.

Jumatano, 3 Aprili

Nyumbani. Watoto wamerefuka, au mimi ndiye niliyepungua. Shemeji amelitazama pipa darini akacheka mpaka akakaa chini. Kisha Redio akamsimulia habari ya mawe, na shemeji akaacha kucheka, akamtazama dada yake kana kwamba ametambulishwa kwake leo.

Jumatatu, 22 Aprili

Safari mbili, mvua tupu. Mke wangu anashika usukani nusu ya njia sasa, Pasi anakaa nyuma yake anakunywa chai. Wanacheka. Mimi najua ni kicheko gani cha nani, na najitahidi nisijue.

Ananisemesha vizuri. Vizuri, kama anavyowasemesha wenye mizigo.

Ijumaa, 17 Mei

Mke wangu amefaulu mtihani wa unahodha. Shemeji amepata boti ya pili, ndogo kuliko yetu, na ameamua aiendeshe dada yake. Nimemwambia Redio kwamba sasa atamkosa fundi wake, maana mume na mke watakuwa chombo kimoja, mmoja juu mmoja chini. Nilikuwa nimeshaanza kupanga spana zipi nihamishe.

Jumamosi, 18 Mei

Nilimkuta mke wangu jikoni anachambua mchele. Nikamwambia nitahitaji siku chache kukabidhi injini ya zamani. Hakuinua uso mara moja.

"Nimeshampata fundi," akasema. "Yule mzee aliyestaafu karakana."

Nikamuuliza nina kosa gani la kazi. Akasema sina, hakuna fundi ziwa zima anayemwamini kama mimi, na kwamba siku ile kwenye mawe alijua kila atakachoomba kwa kengele kitatimizwa.

"Sasa?"

"Nikiwa juu nataka nifikirie maji tu. Ukiwa chini yangu, nitakuwa nafikiria unachofikiria." Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka kando. "Sikufukuzi, baba watoto. Jioni nitakuwa narudi hapahapa. Lakini boti niachie."

Nilitoka nje nikaikuta mvua, nikasimama ndani yake.

Jumapili, 2 Juni

Nimeshinda kwenye boti ya mke wangu nikiikagua injini. Hakuniomba. Nimebadilisha mikanda, nimekaza kila nati, nimeweka wavu wa waya kwenye tundu la kuvutia maji ili magugu yasiingie. Yule mzee alikaa kando ananitazama. Hasikii sikio moja, hana meno ya mbele. Nilipomwona hivyo nilipata faraja ambayo mtu mzima hapaswi kuipata. Nimemwonyesha injini inavyopenda kupewa pumzi kabla ya kwenda mbele. Akaitikia kwa kichwa. Nikarudia maneno yale kwenye sikio lake zima.

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi. Mbingu ziko wazi, mvua zimekwisha kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefika gatini mapema kuliko ilivyohitajika. Wapakiaji walikuwepo, na Pasi pia, amevaa shati lile lenye doa, amelipiga pasi. Tulisimama pamoja. Alipoiona boti inakunja kona alisema ameingia kwa pembe nzuri. Mimi nilikuwa nasikiliza injini. Ilikuwa sawa.

Mke wangu alikuja taratibu, akapunguza, akarudisha nyuma kidogo, ubavu ukagusa matairi ya gati kama mtu anayeketi. Akatoka kibandani na kamba mkononi na kuirusha kwa watu, bila kuchagua.

"Shika kamba!"

Iliniangukia mimi. Akaona ni mimi. Akasimama kidogo, jasho usoni, kichwa juu.

"Shika kamba, baba watoto," akasema tena, kwa sauti ya chini.

Nikaishika. Wakati naizungusha kwenye kigogo, yule mzee akatoka chumba cha injini anajifuta mikono, anacheka peke yake na fizi zake, kwa jambo ambalo lazima walikuwa wameambiana huko njiani. Mke wangu akamtazama naye akaanza kucheka.

Nilitaka kuuliza wanacheka nini. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaivuta kamba ikakaza, nikafunga.